Miaka Mitano ya Shabani

Juzi nilikuwa nikimnywesha binti yangu dawa ya maji, ile inayokuja kama unga ndani ya chupa, nawe unaambiwa uongeze maji yaliyochemshwa mpaka kwenye mstari. Nilipofungua kifuniko harufu yake ilinipanda puani. Ni harufu ya ndizi tamu kupita kiasi, ndizi ambayo haijapata kuota kwenye mgomba wowote hapa Gitega. Binti yangu alimeza, akakunja uso, akaomba maji. Mimi nilibaki na kijiko mkononi.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumetoka kituo cha afya. Muuguzi, kijana mpole mwenye miwani, alimsikiliza kifua, akaandika, akauliza umri. Nikamwambia ametimiza mitatu.

"Donc bado iko na miwili," alisema akigonga muhuri, akichanganya Kifaransa na Kiswahili cha mjini. "Bahati yake."

Alimaanisha miaka miwili ya kutibiwa bure, kama watoto wote wa nchi hii walio chini ya miaka mitano. Nilimshukuru, nikambeba mwanangu, nikatoka. Lakini nje, kwenye ngazi, ilinibidi niketi kidogo. Maneno kama hayo niliwahi kuyasikia nikiwa mdogo, nikayaelewa kwa namna yangu, na kwa namna hiyo nusura nimpoteze mdogo wangu.

Nilikulia Muyinga mjini, katika kata ya Waswahili. Baba alikuwa fundi wa mabati. Alitengeneza mbabula, yaani majiko ya mkaa, ndoo, karai na mabomba ya mvua, na tangu alfajiri nyundo yake ilikuwa ikilia mbele ya nyumba kiasi kwamba sisi watoto tulijifunza kuzungumza kwa sauti kubwa. Masikio yake yalikuwa yameshaanza kuchoka. Ukitaka jambo kwake ulimvuta shati kwanza. Mama alikuwa mtu wa Itaba, upande wa Gitega, binti wa wakulima, aliyesilimu alipoolewa. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo.

Tulizaliwa watatu: Habiba, mimi, na Shabani. Habiba simkumbuki sana. Nakumbuka kandambili zake za bluu, na siku moja nyumba kujaa watu na mimi kukalishwa kwa jirani nikila uji. Alikufa kwa homa akiwa na miaka minne, hapohapo nyumbani, baada ya siku tatu za majani ya kuchemsha na vitambaa vya maji. Enzi hizo hospitali ilikuwa mahali ambapo mtu aliingia akijiuliza atatokaje. Walikuwapo wanawake waliojifungua, wakapona, na bado hawakuruhusiwa kurudi kwao mpaka ndugu walipe. Kwa hiyo watu kama sisi walingoja kwanza. Mama alingoja siku tatu, na hakujisamehe hata moja kati ya hizo.

Shabani alikuwa bado mchanga habari ilipotangazwa redioni. Nilikuwa na miaka minne na kitu. Ninachokumbuka ni nyundo ya baba kusimama ghafla, na Mama Furaha kuingia uani kwetu mbio, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Mama Furaha alikuwa jirani yetu, Mkongomani wa upande wa Uvira aliyeuza vitenge na dagaa sokoni. Hakuwahi kubisha hodi maisha yake yote.

"Umesikia? Watoto bure! Na kuzaa bure!"

Mama aliketi chini, hapo kwenye vumbi, na Shabani mapajani. Alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikujua kuwa watu wazima hulifanya. Kisha alimwinua mtoto mbele ya uso wake, akasema polepole, "Huyu wamemupa miaka mitano."

Niliyasikia maneno hayo wazi kabisa. Shabani amepewa miaka mitano. Habiba hakupewa kitu, ndiyo maana hakukaa. Mimi nilipewa mingapi sikujua, wala sikuwahi kuuliza. Nilidhani wakubwa wakimtazama mtu wanajua.

Huenda ningesahau, lakini maneno yaliendelea kurudi. Shabani alikuwa mtoto wa kuugua ugua. Kikohozi kikiisha, homa inaanza. Homa ikitoka, tumbo. Na kila mara mama alimfunga mgongoni, akanishika mkono, tukashuka kituo cha afya. Hakungoja tena hata siku moja. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka vituo vilivyofurika miaka ile ya mwanzo: benchi la watu wanne limekaliwa na wanawake saba, wengine kwenye nyasi, wengine wametembea tangu usiku kutoka Butihinda na miavuli yao na watoto wawili wawili. Dawa ziliweza kuisha saa nne asubuhi, na waganga, ndivyo tulivyowaita madaktari na wauguzi, walichoka mpaka wakawa wakali. Lakini hakuna aliyefukuzwa mlangoni. Mizani ilining'inia kwenye boriti na kila mtoto alitiwa ndani ya kile kikaptula cha kupimia, miguu ikipiga hewa. Kulikuwa na harufu ya dettol, ya maziwa ya mama, na ya ile dawa ya ndizi. Niliipenda sana. Shabani akimaliza kumeza, mimi nilipewa kijiko nilambe.

Pale benchini wanawake waliulizana jambo moja tu. "Wako imebaki mingapi?" "Wangu imebaki miwili." "Wangu mwaka mmoja, masikini." Nilimtazama yule wa mwaka mmoja, mtoto mnene anayetafuna muwa, nikamwonea huruma.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumzuia Shabani asikue. Wazee wa kwetu walikuwa na kipimo chao cha kujua kama mtoto amefikia umri wa shule: anapitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, basi amekua. Nilimkataza Shabani kujaribu. Watoto wa jirani walipojipima, nilimpa kitu cha kushika mikono yote miwili. Mtu akiniuliza umri wake nilijibu mitatu. Alipofika minne nikaendelea kujibu mitatu. Mama alicheka, akadhani sijui kuhesabu, kumbe nilikuwa sifanyi kitu kingine.

Nilipokuwa na miaka tisa, bibi yetu wa Itaba alianguka shambani akavunjika nyonga, na mama akalazimika kwenda. Alipanga nguo kwenye mfuko huku akimwambia baba kwa sauti ya juu, na mimi nilikuwa mlangoni.

"Baba Habiba, sikiliza vizuri. Shabani siku zake zimebaki tisa tu. Akishikwa na homa umupeleke mbio, kabla hawajafunga."

"Nimesikia," alisema baba.

Nami nilikuwa nimesikia. Siku zake zimebaki tisa tu. Mama aliondoka na gari la asubuhi, na nilipomaliza kupunga mkono nilikwenda moja kwa moja chini ya kitanda cha wazazi, kwenye sanduku. Ndani mlikuwa na fishi ya Shabani, kadi yake ya kliniki, ambayo juu yake iliandikwa siku aliyozaliwa. Niliona kwamba mambo yote yalitoka hapo. Pale kituoni walikuwa wakiitazama kila mara kabla ya kufanya lolote. Kama hawana kadi na hawamwoni mtoto, basi siku ikifika watamsahau. Niliichukua nikaifukia chini ya vipande vya mabati nyuma ya karakana ya baba, mahali pasipofika mtu kwa kuogopa kukatwa. Nilijikata kidole. Nilikifurahia kile kidonda, kana kwamba nimelipa kitu.

Siku ya pili Shabani hakumaliza ugali wake. Jioni alikuwa wa moto. Kwa kawaida ningepiga kelele. Safari hii nilimlaza upande wa ukutani, nikamfunika, nikamwambia asilie.

"Kichwa inauma," alisema.

"Najua. Nyamaza. Ukinyamaza hawatakuona."

"Nani?"

"Waganga."

Aliniangalia kwa macho yake makubwa yaliyong'aa kwa homa, akanyamaza kweli. Alikuwa mtoto wa kuniamini. Hilo ndilo linalonirudia zaidi ya yote: kwamba aliniamini.

Asubuhi baba aliuliza, "Mdogo wako iko wapi?"

"Bado analala."

"Hajambo?"

"Hajambo."

Baba aliitikia kwa kichwa, akachukua nyundo. Sikuwa nimewahi kumdanganya, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kwenda kutazama. Mchana niliendelea kulowesha kitenge cha mama na kumpangusa, kwa vile niliwahi kuona ikifanywa hivyo. Kitenge kilikauka mara tu nilipokitandika. Alianza kumwita mama. Kisha akaanza kumwita Habiba, ambaye hakuwahi kumwona. Nilitoka nje nikasimama kivulini, nikarudi ndani, nikatoka tena. Sijui nilikuwa nangoja nini. Nilipoingia mara ya tatu Shabani alikuwa amekakamaa kama ubao, macho yamegeuka meupe, na mikono yake inapigapiga mkeka.

Nilipiga kelele. Baba hakusikia. Nyundo ilikuwa ikiendelea, pa, pa, pa. Aliyesikia ni Mama Furaha, aliyekuwa amepita nyumbani kwake kuchukua marobota ya vitenge.

"Yesu wangu! Mutoto iko anawaka! Tangu lini?"

Hakungoja jibu. Alimgeuza ubavu, akamshika mpaka mwili ukalegea, akamtia mgongoni na kumfunga kwa kitenge kipya kutoka kwenye robota, lebo bado imening'inia. Tulipopita karakana alimpiga baba bega kwa kiganja, akaelekeza kidole kituoni, na hakusimama. Mimi niliwafuata nikikimbia, nikishika pindo la kitenge na kulivuta nyuma.

"Mais we Zaina, unanivuta juu ya nini?"

"Tusiende! Mama Furaha, tusiende kule!"

"Umerukwa na akili?" Alinisukuma kwa nyonga, akaendelea kukimbia. Alikuwa mwanamke mnene. Nilimsikia akihema na kuomba Mungu wake kwa lugha mbili.

Muuguzi aliyekuwa zamu tulimwita Mama Neema. Alikulia kambini Tanzania kabla familia yake haijarudi Butihinda, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa laini na kilichonyooka, kama cha redioni. Alimpokea Shabani, akamlaza kitandani, akamtoboa kidole, akasema neno "malaria" kabla hata ya kipimo kumaliza, na kwa dakika chache alikuwa ameshatafuta mshipa na kutundika chupa ya maji. Hakuna aliyeulizwa chochote kuhusu malipo. Wakati ule sikuliona hilo. Leo nikilifikiria naona Habiba angeweza kulala kwenye kitanda kilekile.

"Fishi yake iko wapi?" aliuliza.

Mama Furaha alinitazama. Nikatazama chini.

"Ana umri gani?"

"Mitatu!" nilisema. "Iko na mitatu!"

"Uyu si wa mitatu," alisema Mama Furaha.

"Mitatu! Mitatu tu!"

Mama Neema aliweka kalamu mezani. Alimtazama Shabani, ambaye alikuwa mrefu wa kujaza kitanda cha watoto, kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, uso wake usawa na wangu.

"Mwanangu, kwa nini unataka awe na mitatu? Dawa naitoa kwa uzito wake, hutaniharibia kazi. Lakini niambie."

Sikuwa na nguvu ya kuendelea kulibeba peke yangu. "Mukijua iko na mitano mutamuchukua."

"Tumchukue wapi?"

"Kwa Habiba."

Mama Furaha alijifunika mdomo. Mama Neema hakumjua Habiba, akageuka, na jirani yetu akamwambia kwa kunong'ona. Muuguzi yule alinigeukia tena. Nyuma yake benchi lilikuwa limejaa na watoto walikuwa wakilia, lakini hakuharakisha.

"Nani alikwambia hivyo?"

"Mulimupa miaka mitano. Mama alisema. Na zimebaki siku saba."

"Sikiliza." Alinishika mikono yote miwili, akaona kile kidole kilichokatika, akaendelea kukishika. "Ile miaka mitano ni ya dawa. Ni ya kutibiwa bila kulipa, basi. Miaka ya kuishi hatugawi sisi. Hatuna daftari yake hapa. Ungetafuta kabati zote usingeiona."

"Na akifika mitano?"

"Akiugua mtamleta. Baba yenu atachukua kadi ya matibabu ya familia, na mimi nitampima kama leo. Hata wewe nitakupima. Hata baba."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi wala alisikia kiasi gani, na masikio yake yale. Nyundo ilikuwa bado mkononi, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa masizi ya mabati hivi kwamba hakuthubutu kugusa shuka. Alikuja akasimama nyuma yangu, akanilaza kichwa tumboni mwake kwa kiwiko, akiepusha viganja. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Tulikaa hivyo mpaka chupa ya kwanza ikafika nusu.

Shabani aliamka asubuhi iliyofuata, akaomba chai.

Mama alifika mchana. Baba alikuwa ameomba simu ya jirani, ikapigwa kwa mwalimu mmoja wa Itaba, na mama akapanda gari la kwanza kuja Gitega na jingine kuja Muyinga. Aliingia wodini na vumbi mpaka kwenye nyusi, kikapu cha maparachichi mkononi. Alimgusa Shabani paji la uso, shingo, tumbo, nyayo. Alizungumza na Mama Neema dirishani kwa sauti yake ndogo, na nikamwona akinitazama mara mbili. Nilijiandaa kupigwa. Niliona ni haki, na nilitaka yaishe haraka.

Aliketi kitandani, akanivuta nikae upande wake.

"Nani alikwambia Shabani atakufa?"

"Si ni we! Ulisema wamemupa miaka mitano."

Alikaa akikunjakunja pindo la kitenge chake.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Nilisema."

"Sikujua ni dawa, mama."

"Mi nilijua ni dawa." Sauti yake ilishuka zaidi, nikalazimika kuinama. "Nilijua, na bado nilikuwa nahesabu kama we. Kila mwaka. Dada yako sikumuhesabia kitu, akaenda. Huyu nikamuhesabia mpaka tano. Zaina, mwanangu, sijawahi kumuwaza na miaka sita. Hata siku moja. Nikifika tano, kichwa inakataa."

Nilikuwa sijui kwamba mama zetu huogopa. Nilidhani ni sisi tu. Nilimshika mkono wake mkubwa kwa mikono yangu miwili, nikasema lililokuja kwanza.

"Akiwa na sita ataenda shule."

Mama alinitazama.

"Ataenda shule," alisema polepole, kama mtu anayejaribu viatu. "Na saba?"

"Saba meno itang'oka."

"Nane atakuwa anamusaidia baba kukunja mabati," alisema mama.

"Mi sitaki mabati," alisema Shabani kutoka kwenye mto. "Mi nataka kuendesha lori."

Kwenye kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja wa Butihinda, aliyejifungua usiku uliopita na bado ameshika kichanga chake kifuani. Alicheka. "Kama ni lori, alete mahindi yangu sokoni. Akiwa na ishirini nitamungojea barabarani."

Tukaendelea hivyo sote watatu, kila mmoja akimtupia Shabani mwaka. Kumi na mbili, baiskeli. Kumi na tano, ndevu tatu. Kumi na nane, atajifanya hasikii tukimwita. Shabani alisinzia alipokuwa na kumi na tisa, mdomo wazi. Mama wa Butihinda aligeuka akamnyonyesha mwanawe. Mama yetu alifika ishirini na tano, akasema hapo ataoa, akasema mke awe na adabu, kisha kichwa chake kikashuka polepole kwenye ukingo wa kitanda na akalala mchana kweupe, kitu ambacho sikuwa nimewahi kumwona akifanya.

Sikumwamsha. Niliendelea peke yangu, kwa kunong'ona. Nilimpa thelathini, nikampa arobaini na watoto, nikampa mvi na kikohozi cha wazee, nikamfikisha mbali kuliko namba nilizofundishwa shuleni. Miguu yake ilikuwa imetoka nje ya shuka. Nikaifunika.